SIYO MWILI, NI MKASI: Staa Bonge Anachekwa Bure kwa Blauzi Iliyomgomea

Wiki nzima mjini hapa stori ni moja tu. Mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni, mdada mwenye mwili wake wa maana, alitinga kwenye sendofu ya mwenzake na blauzi ya kitenge yenye vifungo mbele, sketi ya kubana chini, kilemba juu. Picha ya kwanza amesimama, bomba kabisa. Picha ya pili amekaa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kati ya kifungo cha pili na cha tatu pamefunguka kama mdomo wa samaki, sidiria inachungulia, na kwapani kitambaa kimevutika hadi maua ya kitenge yamepinda. Mwenye simu akapiga. Kufika asubuhi bibie kashafika kila grupu la WhatsApp, na maneno chini yake ni yale yale. "Apunguze mwili." "Kitenge kinalia jamani." "Nguo za vimbaombao hizo, aache kulazimisha."

Waliosema hivyo wamechemka. Tena wamechemka mbele za watu.

Ile picha ya pili, kabla ya kuicheka, itazamwe vizuri. Mshono wa bega umeshuka, uko kwenye mkono badala ya kukaa begani. Shingo imepwaya, mkufu umezama ndani. Mgongoni kuna kitambaa cha ziada kimejikusanya kama pazia. Kifuani ndiyo haifungi. Sasa ni nguo gani hiyo, kubwa na ndogo kwa wakati mmoja? Nguo iliyo ndogo hubana kote. Nguo inayopwaya begani na kupasuka kifuani haina shida ya saizi, ina shida ya aliyeikata.

Na jinsi ilivyokatwa si siri, mafundi wengi wa mtaani wanakata hivyo hivyo. Fundi anazungusha futi pale kifua kilipojaa, anapata inchi 46, anaongeza kidogo ya kupumulia, anagawa kwa nne, anakata. Robo mbele kulia, robo mbele kushoto, robo mbili mgongoni. Halafu kwa kuwa kifua ni 46, anaona huyu ni mtu mpana, basi na bega analipanua, na shingo anaipanua. Hesabu hiyo inamchukulia mwanamke kama pipa. Pipa ndilo lenye mbele na nyuma sawa. Mdada mwenye kifua kikubwa, zile inchi zake za ziada ziko mbele, mgongo wake unaweza kuwa mwembamba tu kama wa mdogo wake. Ukimgawia sawa, unampa nyuma asichohitaji na unamnyima mbele anachohitaji. Kifungo cha pili hakina hatia yoyote hapo.

Kusema ukweli siyo mafundi wa Bongo peke yao. Hata zile pateni za karatasi za Ulaya na Marekani, nyingi huchorwa kwa mwanamke wa sidiria ya kikombe B, yaani tofauti kati ya kipimo cha juu ya kifua, pale chini ya kwapa, na kile cha kifua kilipojaa ni inchi 2 hivi. Mwenye tofauti ya inchi 4 au 5 akishona ilivyo, yatamkuta yale yale ya sendofu. Wenzetu huko wanalijua hilo, na wanaojishonea nyumbani hawakati kitambaa kabla hawajairekebisha karatasi. Huku kwetu karatasi yenyewe wengi hawana, kitambaa kinachorwa chaki moja kwa moja, mkasi unapita, na pisi ya yadi 6 ndiyo imeshakatwa. Hairudi dukani.

Sasa kuna fundi mmoja wa Sinza, mama wa makamo, ambaye mastaa wawili watatu wa miili wanamjua ila hawamtagi ng'o. Wanaogopa foleni. Huyu mama ukifika kwake na kitambaa hata hakitazami. Swali la kwanza: "Dada'ngu, sidiria utakayovaa siku hiyo ndiyo hii?" Ukisema hapana, unarudishwa. "Nenda kailete, au nivalie siku nyingine." Wengi wanaona anawasumbua. Hawasumbui. Sidiria nyingine inakipandisha kifua, nyingine inakiacha kishuke, na kipimo cha bega hadi chuchu kinabadilika hapo hapo. Blauzi iliyopimwa kwa sidiria moja ikavaliwa na nyingine, dati inakaa juu au chini ya mahali pake, mtu anaonekana ana vifua vinne.

Akishapata sidiria anayoitaka, futi inaanza kuzunguka. Juu ya kifua. Kifua kilipojaa. Chini ya kifua. Chuchu hadi chuchu. Bega hadi chuchu. Halafu bega hadi kiuno kwa mbele, kisha bega hadi kiuno kwa nyuma, maana mbele huwa ndefu kwa mtu mwenye kifua, na asiyepima zote mbili ndiye anayeshona zile blauzi zinazopanda mbele kama mtoto wa shule aliyekua ghafla. Anapima unene wa mkono juu ya kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa. Mwisho anamkalisha mteja kwenye stuli na kupima tumbo na hipsi tena, kwa sababu mwili ukikaa unatanuka na kitenge hakivutiki. Kitenge si nguo ya mazoezi.

Baada ya hapo ni karatasi ya kaki. Tuseme mdada juu ya kifua ana 42 na kifua kilipojaa ana 46. Mama wa Sinza hachukui saizi ya 46. Anachukua 42, anaongeza zile 2 za kawaida, anapata pateni ya 44. Hiyo itamkaa begani, shingoni na mgongoni. Kifuani zimebaki inchi 2 za kutafuta, na kwa kuwa karatasi ya mbele ni nusu ya mtu, kila upande unadai inchi 1. Anachora mstari kutoka chini ya blauzi kupanda hadi usawa wa chuchu, kisha unakunja kona kwenda kwapani. Mstari mwingine unatoka ubavuni, katikati ya dati, hadi pale pale kwenye chuchu. Anakata juu ya mistari hiyo ila hamalizii, anaacha vipande vishikane kidogo tu pale kwapani kama bawaba ya mlango. Anavuta. Karatasi inafunguka inchi 1 kifuani na ile dati ya ubavuni inanenepa yenyewe. Anabandika karatasi nyingine chini yake, anasawazisha urefu, anachora dati upya, ncha yake ikiishia kama inchi moja na nusu kabla ya kufika chuchu. Dati inayofika hadi chuchu inatoa kichongeo, na hicho mitandaoni hakisamehewi.

Bega halijaguswa. Shingo haijaguswa. Mgongo haujaguswa.

Halafu, na hapa ndipo wateja wengi wanapokata tamaa, anashona kwanza ya majaribio kwa marekani. Ile pamba nyeupe isiyo na rangi, bei yake poa. (Jina lake lenyewe ni historia: karne ya 19 meli za Wamarekani zilikuwa zinashusha pamba hiyo Zanzibar, na jina likanata mpaka leo.) Mdada anaivaa ile marekani mbele ya kioo, anaambiwa kaa, inama, nyanyua mikono kama unasukwa nywele, jikumbatie. Panapovuta panatiwa chaki. Panapopwaya panapigwa pini. Kitenge bado kimekunjwa mezani hakijui kinachoendelea.

Vifungo navyo vina akili yake. Fundi wa haraka anaanzia shingoni, anagawa nafasi sawa kushuka, na kifua kinaangukia katikati ya vifungo viwili. Mama wa Sinza anaweka kifungo cha kwanza kwenye usawa wa chuchu kabisa, ndipo anagawa kwenda juu na kwenda chini. Na kwa ndani, katikati, anaficha kishikizo kidogo cha kubana. Ubavuni anaacha inchi nzima ya kitambaa, mwili ukiongezeka mshono unafumuliwa.

Hayo yote yanachukua muda, na muda ni hela. Hapo ndipo mastaa wenyewe nao waguswe, maana hawajakaa malaika. Kuna mwimbaji mmoja, mdada wa nguvu, ambaye anatuma vipimo kwa WhatsApp, tena vya mwaka juzi. Kuna mtangazaji mmoja anayepeleka kitambaa Alhamisi jioni nguo aivae Jumamosi, na anapeleka na picha ya mwanamitindo mwembamba kama mshumaa, "fundi nataka hii hii." Na kuna wa tatu, huyu ndiye kiboko, aliyepimwa akapata 44, akamwambia fundi, "Andika 40, napungua." Fundi akaandika 40. Fundi akakata 40. Siku ya siku akaambiwa fundi mbovu. Mtu akimdanganya fundi kipimo amejidanganya na kitambaa chake mwenyewe, hakuna wa kumlilia.

Ila kuna tabia ya mafundi inayouma zaidi. Ile ya kumwangalia mdada kuanzia juu hadi chini na kusema mbele ya wateja wengine, "Wewe dada bei yako tofauti, una mwili." Haya, kitambaa kikiongezeka na majaribio yakiwepo, hela iongezeke, hakuna ubaya, kazi ni kazi. Tatizo ni kwamba wengi wanachukua hiyo hela ya ubonge halafu wanagawa kwa nne kama kawaida. Karatasi hamna, marekani hamna, kupima mara ya pili hamna. Mteja amelipia kazi ambayo haijafanyika, na ikimgomea anaambiwa, "Dada umenenepa tangu nikupime." Ndani ya siku nne!

Na anaamini. Hapo ndipo kwenye shida yenyewe. Staa akichekwa ana mashabiki wa kumtetea na kesho anapiga picha nyingine. Mdada wa Mbagala au Tegeta aliyetoa mchango wa sare ya sendofu ya dada yake, blauzi ikagoma kufunga nusu saa kabla ya gari kuja, hana meneja. Anafunga pini kwa ndani, anajitanda khanga kifuani usiku kucha, hachezi, kwenye picha za familia anajificha nyuma ya mjomba. Wiki inayofuata ananunua zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni bila anayejua kilichomo. Mwili mzima umehukumiwa kwa kosa la inchi 1 kila upande. Kila aliyemwandikia yule mwigizaji "apunguze mwili" amemwandikia na huyu pia, maana alikuwa anasoma.

Kuna watakaosema kwa nini asivae gauni pana tu, dera, aondokane na shida. Dera ni tamu, hakuna anayebisha, ila livaliwe kwa kupenda. Mdada akitaka blauzi ya kiuno ana haki nayo kama mwingine, na ikikatwa vizuri, mwili ule unaijaza blauzi kuliko mwembamba yeyote. Wanaobisha hawajawahi kuona kazi ya Sinza.

Tukirudi kwa mwigizaji mwenyewe. Mtu wake wa karibu anasema fundi aliyeishona amegoma kurudisha hela, kasema nguo imeshavaliwa. Bibie hakutaka kelele, akaikunja kwenye mfuko akaipeleka kwa yule mama wa Sinza. Mama alipofumua ubavuni hakukuta akiba yoyote, mshono ulikuwa umekwanguliwa hadi mwisho. Akauliza, "Kitambaa kingine kimebaki?" Kimebaki kilemba tu. Basi kilemba kikaingia mkasini, vikatoka vipande viwili virefu vya kuwekwa chini ya kwapa kwenda hadi chini, mbele ikapata nafasi yake, mgongo ukapunguzwa, bega likapandishwa, vifungo vikang'olewa na kupangwa upya kuanzia kifuani.

Jumapili ametupia picha ya blauzi ile ile, kichwa wazi, nywele zimesukwa. Picha zote tatu amekaa.