Kesi Isiahirishwe Ovyo, Wala Isikatwe Bila Ushahidi

Wapo wananchi wanaofungua mashauri ya madai wakiwa na nguvu zao na kuyamaliza wakiwa wazee. Siku ya kesi mtu huamka alfajiri, hupanda basi, hukaa kwenye benchi la mahakama mpaka adhuhuri, kisha huambiwa kwamba jalada halikuonekana, au wakili wa upande wa pili ana shauri kwingine, kwa hiyo arudi mwezi ujao. Nauli imekwenda na kazi ya siku imekwenda. Yule aliyekalia nyumba isiyo yake anaendelea kupokea kodi. Kwake yeye kila tarehe mpya ni mapato.

Kilio cha kutaka kesi ziharakishwe, basi, ni kilio halali, nacho kimesikika. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 inataka pawe na sababu ya kutosha kabla ya shauri kuahirishwa. Tangu 1994 kanuni zimeyagawa mashauri katika makundi, kila kundi na muda wake wa kumalizika. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara ya 107A, inayoziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi.

Maneno hayo ya mwisho, "bila sababu ya msingi", ndiyo yanayosahauliwa.

Chukulia mjane anayedai kiwanja alichoachiwa na mumewe. Hati hana, ana mzee mmoja aliyeshuhudia mauziano, naye yuko kijijini, mgonjwa. Siku ya kusikilizwa mama huyu anaomba muda. Hakimu anatazama kalenda, anaona miezi imekwisha, anafunga ushahidi wake na kulitupa dai. Kwenye takwimu, shauri limemalizika kwa wakati. Lakini ibara ya 13(6) ya Katiba hiyohiyo imempa kila mtu, tangu 1984, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mama huyu amesikilizwa nini?

Wala haraka ya namna hiyo haiokoi muda. Hukumu ya upande mmoja hufuatiwa na maombi ya kuitengua, maombi hufuatiwa na rufaa, na mwisho jalada hurudishwa chini ili shauri lianze upya. Miaka iliyodhaniwa kuokolewa hulipwa maradufu, na mwenye kulipa ni yule asiye na uwezo.

Hapana budi anayeomba muda aulizwe kwa ukali: shahidi wako ni nani, atathibitisha jambo gani, na ulimtafuta lini? Anayeomba mara ya kwanza huku akionyesha wito uliopelekwa na cheti cha hospitali hawezi kuwekwa kapu moja na anayeomba mara ya nne bila hata jina la shahidi. Huyu wa pili alipe gharama za mwenzake, tena kabla ya tarehe nyingine kupangwa. Na huyo mzee mgonjwa, kwa nini asubiriwe mpaka afe? Sheria hiyohiyo inaruhusu mahakama imteue mtu akachukue ushahidi wa mgonjwa huko aliko. Mawakili wanalijua jambo hili. Mkulima asiye na wakili halijui, wala hakuna anayemwambia.

Mahakama nazo zijitazame. Haiwezekani mwananchi afutiwe dai kwa kukosa shahidi siku moja, na hali tarehe tatu zilizotangulia zilipotea kwa sababu hakimu alikuwa safarini. Siku zilizopotezwa na mahakama zisihesabiwe juu yake.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kila ahirisho, na kila ombi la muda linalokataliwa, liandikwe sababu yake kwa lugha hiyo na kusomwa mbele ya wenye shauri, ili mjane yule arudipo kwake aweze kuwaeleza wanawe kilichotokea.