Aache Duka la Vitenge? Majibu kwa Washauri Wake

Binti wa kaka yangu anasomea ualimu Chang'ombe, Dar es Salaam. Vipindi vikiisha mchana hukimbilia Kariakoo, kwenye duka moja la vitenge na khanga Mtaa wa Uhuru, akauza kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, siku nne kwa wiki. Kazi anaipenda, na hilo hamfichi mtu. Sasa supamaketi moja ya upande wa Mikocheni imemwita. Nayo ni kazi ya saa chache: zamu ya jioni, malipo ya juu zaidi, fulana yenye nembo. Tangu habari ienee kwenye ukoo, kila mtu ana ushauri. Nimeusikiliza, na sehemu kubwa naona inampoteza, ule wa kumhimiza aende na ule wa kumzuia pia. Naujibu hapa kwa sababu vijana wa namna yake ni wengi, wanangoja bumu, fedha ya mkopo wa chuo, huku wakijitafutia nauli nyuma ya kaunta, na wanaambiwa maneno yaleyale.

Kaka yangu ndiye aliyeanza: "Kazi haipendwi, kazi inalipa."

Maneno hayo yangesimama kama mapenzi ya kazi yasingeingia kwenye mauzo. Yanaingia. Mnunuzi mzoefu wa kitenge haiamini taa ya duka. Zambarau iliyokoza ikiwa ndani huonekana nyeusi, kwa hiyo hukitoa kitambaa hadi mlangoni akitazame juani. Binti huyu hangoji aambiwe. Mteja akishika cha zambarau, yeye keshachukua na cha bluu, anatangulia navyo mlangoni, anavilaza vyote viwili kwenye mkono mmoja ili vionekane pamoja. Ikija kamati ya harusi kutafuta sare, kabla ya kutaja bei anauliza watu ni wangapi na fundi ametaka yadi ngapi kwa kila mmoja. Kisha anahesabu kama mzigo uliopo utawatosha wote, maana jora jingine la ua lilelile huweza kupishana rangi kidogo, na siku ya harusi picha zitalitoa nje. Hakuna aliyemwandikia hayo. Ameyaokota kwa sababu anapenda kuwa pale, na ndiyo maana wapo kina mama wanaofika dukani wakamuulizia yeye, na wasipomkuta wanasema watarudi kesho. Idi ikikaribia, na Desemba, tajiri mwenye duka humwongezea kitu juu ya malipo kwa ajili ya wateja hao.

Kwa muuzaji, basi, kuipenda kazi ni sehemu ya mtaji. Na mtaji huu hauhami wote. Kamati za harusi zitabaki Mtaa wa Uhuru, na kwenye foleni ya supamaketi hakuna anayemuulizia keshia kwa jina. Kaka, hicho nacho ni kitu cha kuhesabu kabla mtu hajaondoka.

Mama yake amekuja na hesabu: "Kule ni elfu kumi na tano kwa siku, hapa elfu kumi. Kuna la kufikiri?"

Lipo, wifi. Tuhesabu pamoja, tena kuanzia anapotoka bwenini hadi anaporudi. Kariakoo anauza saa nne. Njiani anatumia kama saa moja kwenda na kurudi, nauli shilingi 1,200, na chakula wanakula wote dukani kwenye sinia moja anayoilipia tajiri. Anabaki na 8,800 kwa saa tano za siku yake, yaani 1,760 kwa saa. Mikocheni zamu ni saa kumi jioni hadi saa nne usiku, saa sita. Foleni na kubadili magari, tuseme saa mbili na nusu kwa siku, na hapo nimekadiria kwa huruma. Nauli 2,600, chakula cha kununua 3,000. Anabaki na 9,400 kwa saa nane na nusu: kama 1,100 kwa saa. Elfu tano yote imeyeyuka ikabaki shilingi mia sita, na saa yake moja imeshuka bei kwa zaidi ya theluthi. Bado sijagusa siku ambazo daladala zimepungua na italazimu apande bodaboda, wala asubuhi atakayosinzia darasani.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Sheria inaihesabu kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri kuwa kazi ya usiku, na kila saa yake ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zamu ile ina saa mbili za aina hiyo kila siku. Ile elfu kumi na tano imezijumlisha, au nyongeza inakuja juu yake? Ni fedha ndogo, nakubali. Lakini jinsi watakavyolijibu swali hilo itamwonyesha mwajiri wa namna gani anamsubiri. Nasema tena kwamba hesabu hii ni ya mtu wa Chang'ombe. Angekuwa anakaa Mwenge ingegeuka, na ningemwambia akubali.

Binamu yake, aliyewahi kuuza dukani, anasema: "Kibarua cha nusu siku hakina haki yoyote. Hakuna anachopoteza akihama."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ndilo linalowafanya vijana wahame usiku mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikusema kwamba mfanyakazi ni yule tu anayeshinda kazini kutwa nzima. Amri ya kima cha chini cha mshahara nayo inataja kiwango cha saa na cha siku sambamba na cha mwezi, kwa hiyo anayefanya saa nne anayo sakafu chini ya miguu yake.

Na kupoteza, atapoteza. Sheria ile inamkinga mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, lakini kinga hiyo haimfikii ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Binti ameshapita muda huo Mtaa wa Uhuru. Akivaa fulana mpya anaanza upya, na kwa nusu mwaka anaweza kuambiwa "kesho usije" asiwe na pa kushika kwa msingi huo. Kiinua mgongo vilevile: mwajiri anayemwachisha mtu aliyetimiza mwaka anadaiwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 10. Anayeacha mwenyewe kwa hiari yake hana dai hilo.

Michango ya NSSF, ambayo watu huiogopea bure, haipotei. Namba ya uanachama ni moja, mwajiri mpya anaendelezea pale pale. La kuulizia, na aulizie kabla hajaaga, ni kama ilikuwa inapelekwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Kisha kuna shoti, yaani fedha inayopungua kwenye droo hesabu ikifungwa. Namjua kijana aliyepoteza malipo ya wiki nzima kwa shoti ya droo waliyoitumia watu watatu siku hiyo. Alikatwa yeye kwa kuwa ndiye aliyefunga wa mwisho. Alidhani ndivyo kazi za kaunta zilivyo. Sivyo. Mwajiri anaruhusiwa kukata fidia ya hasara pale tu mfanyakazi alipokubali makato kwa maandishi, hasara ikawa imetokana na kosa lake, akapewa nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mtaa wa Uhuru hesabu inafungwa na watu wawili, tajiri upande mmoja na binti upande wa pili, daftari katikati, na fedha za lipa namba zinasomwa kwenye simu kwa sauti. Aulize Mikocheni droo ni ya nani, na inahesabiwa mbele ya nani. Mimi ningeliuliza hilo kabla ya mshahara.

Mama yangu, bibi yake, yuko upande wa kumzuia. "Tajiri amemlea kama mwanawe. Akimwacha, hizo ndizo fadhila za punda."

Mama, najua wema unaousema. Bumu lilipochelewa, tajiri alimkopesha ada. Mitihani ikija humwachia wiki nzima bila kinyongo. Lakini mkopo ule aliurudisha wote, akikatwa kidogo kidogo kwa makubaliano yao, na zile wiki alizoachiwa alizilipa kwa jasho siku za sikukuu duka lilipojaa hadi nje. Kazi yake ilinunuliwa kwa bei waliyopatana. Mtu mzuri aliyekununulia kazi hajakununua wewe, na naamini tajiri mwenyewe, ambaye ni mtu wa haki, angekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Anachodaiwa binti ni kuaga vizuri. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, notisi ya kisheria ni siku 4. Kwa wa mwezi, siku 28. Mimi ningemdai zaidi ya sheria: asiondoke Idi ikiwa mlangoni, na amfundishe atakayeshika nafasi yake wapi pamewekwa nini stoo. Halafu aombe cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kumpa. Ninachokiogopa ni kwamba shukrani hii tunayomtwisha itamfanya aone aibu kuaga. Nimewaona vijana wakisema wanaumwa, kesho yake simu imezimwa, wiki ijayo wanaonekana duka jingine. Wale walilelewa kwa maneno haya haya, Mama, na mateke yakatokea hapo.

Na azungumze na tajiri mapema, kabla hajaamua, amweleze ameitwa wapi na kwa kiasi gani. Asimtishie. Tajiri akiweza kuongeza ataongeza, asipoweza atasema, na mazungumzo hayo hayawezi kuharibu kilicho kizuri kati yao.

Majirani nao wana methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Naiheshimu, ila hapa misala yote miwili inapita. Binti anamaliza chuo mwakani. Kabla ya hapo kuna mafunzo kwa vitendo, atapangiwa shule, na kazi yoyote ya mchana itasimama. Tena furaha ya duka dogo hutegemea watu wawili watatu. Tajiri ni mtu mzima, keshaanza kumleta mwanawe dukani, na huyo mwana ana ulimi wake. Binti anaweza kubaki pale pale na furaha ikaondoka. Kwa hiyo hoja kwamba "unaipenda, basi usiiache" siikubali zaidi ya ninavyoikubali ile ya kaka yangu. Anachokipenda kina majina: tajiri, wateja wake, saa zinazomfaa, safari fupi. Kimoja kikiondoka, apime upya.

Upande wa supamaketi una jambo moja zito, na waliomhimiza aende hawakulitaja. Mtaa wa Uhuru binti hajawahi kugusa mashine ya EFD ya kutolea risiti, tajiri huibonyeza mwenyewe, na hesabu ya stoo iko kichwani mwa mtu mmoja. Mikocheni angejifunza kupokea mzigo kwa mfumo, kuhesabu stoo, kusoma kilichouzika na kilicholala. Angekuwa anataka kufungua duka lake, ningesema avumilie foleni kwa miezi kadhaa aibebe elimu hiyo. Anataka kufundisha hisabati sekondari. Kusimama mbele ya kamati ya harusi yenye watu saba na rai saba, akawaelekeza bila kumkera yeyote, naona kunamwandaa zaidi kwa darasa.

Kuhusu "ukihamahama hakuna atakayekuajiri", sitakaa sana. Anayeomba kazi ya ualimu hataulizwa kwa nini aliacha duka akiwa mwanafunzi. Ataulizwa vyeti. Atakayetaka kumjua tabia atampigia tajiri simu, na hapo tunarudi kwenye kuaga vizuri.

Limebaki la aliyempelekea habari, rafiki yake anayefanya kazi huko: "Wiki hii au basi, nafasi inachukuliwa."

Sina sababu ya kudhani anamdanganya. Lakini maduka yenye zamu za usiku hubadilisha makeshia mara kwa mara, kwa sababu hizi hizi za usafiri nilizozihesabu, na huongeza watu Desemba. Nafasi ikipotea wiki hii, nyingine itatangazwa. Mwajiri asiyeweza kumpa mtu siku tatu za kufikiri, atampa ruhusa gani siku ya mtihani?

Siku hizo tatu nimempangia kazi. Ya kwanza, aende Mikocheni saa tatu usiku kama mteja, anunue sabuni, asimame foleni ndefu kuliko zote, asikilize supavaiza anavyosema na makeshia waliochoka. Ya pili, arudi kwa gari la saa nne usiku, aone kama lipo. Ya tatu, aombe maelezo ya kazi kwa maandishi, ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe: kazi gani, kituo gani, saa zipi, malipo yanakokotolewaje; na aombe waandike pia droo ikipungua inakuwaje. Karatasi hiyo ikipatikana, na wakakubali zamu yake iishe saa mbili usiku, nitakwenda naye mwenyewe Mtaa wa Uhuru kumuaga tajiri. Wasipoitoa, nashauri abaki kwenye vitenge mpaka mitihani ya mwisho ipite.