Mcheza Kwao Hutunzwa?

Juu ya rafu ya chumba changu, baina ya kamusi na makabrasha ya tafsiri ambazo hazijapata mchapishaji, pana toroli dogo la mbao na bati. Urefu wake hauzidi shubiri moja. Nimeliunda kwa mkono wangu, kwa kipimo cha moja kwa ishirini, kwa kufuata picha za matoroli yaliyokuwa yakisukumwa juu ya reli za Mombasa tangu miaka ya 1890 hadi miaka ya 1920. Jioni moja mshairi mwenzangu, mtu ninayemheshimu kwa vina vyake, alilishika, akaligeuza, akasema mbele ya baraza zima: "Sheikh wangu, mtu na mvi zako, bado wachezea vigari?" Tukacheka sote, nami nikiwamo. Kisha akaongeza neno ambalo halikunichekesha. Alisema kwamba kuunda treni na tramu ndogo ni upuuzi wa Wazungu walioshiba, na kwamba mtoto wa nchi maskini afundishwe mambo ya maana.

Neno hilo nimelisikia mara nyingi, kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa wasanii. Nalijibu leo kwa sababu nimeona kazi linayoifanya.

Mwezi wa Septemba 2024 nilikwenda Mwamanyili, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, kumzuru dada yangu aliyeolewa huko na mkulima wa pamba. Mwamanyili hapana reli. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hajapata kuiona treni kwa macho yake. Lakini nyuma ya jiko la mama yake nilikuta treni ya umeme yenye mabehewa sita. Treni yenyewe ilikuwa imeanza safari zake baina ya Dar es Salaam na Dodoma miezi miwili tu kabla, mwezi wa Julai, naye aliiona katika simu ya baba yake. Fremu aliifanya kwa waya, ekseli kwa spoki za baiskeli, kuta kwa mabua ya mtama yaliyopasuliwa, magurudumu kwa soli za kandambili. Juu ya kichwa cha treni aliweka ule mkono unaogusa waya wa umeme, nao ulipanda na kushuka.

Nilimuuliza vipimo amevipata wapi. Akatia mkono mfukoni, akatoa kijiti cha bua kilichochongwa kichwa na miguu. "Huyu ni abiria, mjomba. Nilimtengeneza yeye kwanza. Mlango lazima apite bila kuinama. Kiti lazima akae. Vingine vyote nikavipima kwa yeye."

Usiku nilichukua tepu nikapima. Abiria alikuwa na sentimita 5 na nusu. Tukimchukulia kuwa mtu wa sentimita 170, kipimo cha treni ile ni moja kwa thelathini na moja. Reli ya kweli ina upana wa milimita 1435, kwa hiyo magurudumu ya mtoto yule yalipaswa kuachana kwa milimita 46. Yaliachana kwa 50. Kosa la milimita 4, kwa mtu aliyekadiria kwa jicho kutoka kioo cha simu! Mabehewa ndiyo yaliyokuwa mafupi mno. Behewa la kweli lina zaidi ya mita 20, na kwa kipimo chake lilitakiwa lizidi sentimita 64. Yake yalikuwa na 50. Nilipomwambia asubuhi, hakushangaa. "Najua, mjomba. Waya uliisha."

Wapenzi wa ushairi, tusimame hapo. Sisi tuna neno mizani. Tunahesabu silabi nane na nane katika mshororo wa tarbia, na asiyezitimiza tunamwambia shairi lake limepungua. Tunajua pia kwamba mshairi mwema huweza kuacha jambo analolipenda kwa kuwa mizani imemalizika. Mtoto yule alikuwa na mizani yake, akaishika, na pale aliposhindwa alijua ameshindwa wapi na kwa nini. Wangapi kati yetu tunaoleta tungo kwa wahariri tunaweza kusema hivyo juu ya beti zetu?

Nami natafsiri mashairi, kazi niliyojifunza mwenyewe bila cheti wala mwalimu. Nasema kwa uzoefu kwamba kuunda gari dogo na kutafsiri ni kazi za ukoo mmoja. Mjenzi wa tramu ndogo wa Ulaya au Marekani, kwa mfano, hupenda kipimo cha moja kwa themanini na saba. Kwa kipimo hicho ubao wa mlango wenye unene wa sentimita 4 unakuwa chini ya nusu milimita. Hakuna ubao wa namna hiyo. Anapaswa kuamua: auneneshe mlango, auchore tu ukutani, ama aubadilishe uwe wa karatasi. Mfasiri naye hukutana na mlango huo katika kila ubeti. Kitu hakihami kutoka kipimo kimoja kwenda kingine kikiwa kizima, na ustadi wote umo katika kuchagua kipi kipotee ili kingine kisalie. Mwenye kuuita uamuzi huo upuuzi, atuambie basi tafsiri nayo ni nini.

Sasa tuje kwenye tuhuma yenyewe. Wanasema: huku ni kuiga. Treni za chini ya ardhi ni za London, zilizoanza mwaka 1863, na za New York, zilizoanza 1904. Kwa nini mtoto wa Usukuma, au mzee wa Unguja, ahangaike na vyombo vya watu? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingetolewa na washairi wa Kiswahili. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulichukua kisa cha mbali na kukipima kwa mizani yetu. Mwalimu Nyerere alimchukua Shakespeare akatupa Julius Caezar mwaka 1963 na Mapebari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna aliyewaambia kwamba wanacheza na vitu vya watu. Kuchukua kitu cha mbali, kukipima kwa kiungo cha mwili wako na kukijenga kwa bua la shamba lako, huko ndiko fasihi yetu ilikozaliwa.

Isitoshe, nani aliyesema vyombo vya reli ni vya watu wengine? Unguja ilikuwa na reli kabla ya miji mingi ya bara. Sultan Barghash alijenga njia yake ya kwenda Chukwani karibu na mwaka 1880, na mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilianza kujenga reli ya maili saba hivi kutoka mjini hadi Bububu. Mombasa ilikuwa na matoroli ya reli nyembamba, futi mbili tu, yakikatiza mitaa na kuingia hadi milango ya nyumba za wakubwa. Yote yameondoka. Tuulizane: katika sebule ngapi za pwani mtaona treni ndogo ya Bububu? Jahazi dogo lipo, tena limepakwa vanishi, na fundi wake anaheshimiwa. Vijana wetu wakishindanisha vingalawa vya mbao ufukweni, wazee hukaa wakatazama. Kwa nini basi jahazi liwe sanaa na treni iwe utoto?

Nitawaambia ninavyoona. Jahazi lina mnunuzi. Mgeni hulipenda, hulilipia, huondoka nalo. Hata gari la waya la mtoto likifika katika duka la mgeni linapata jina jipya, linaitwa sanaa ya taka zilizotumika tena, na linawekewa bei bila jina la aliyeliunda. Likibaki uani kwa mama yake, ni utundu. Basi kilichoamua ni mkoba wa mnunuzi, na jicho letu halikuwa na kauli. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumeigeuza: mcheza kwao huchekwa, mpaka mgeni amtunze.

Wenzetu walivifanyaje vyao? Miji ya Marekani na Uingereza iling'oa tramu zake kwa fujo. London iliziondoa za mwisho mwaka 1952. Waliookoa kumbukumbu wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliozipenda. Mwaka 1939 kikundi cha wapenzi kilinunua gari moja la tramu huko Maine, na hapo ndipo palipoanzia jumba la makumbusho la tramu lililopo hadi leo. Huko Crich, Uingereza, chama cha wapenzi kilichoundwa mwaka 1955 kilifanya hivyo hivyo. Na wasioweza kununua gari zima walikwenda na tepu na penseli, wakapima, wakachora, wakaunda ndogo. Leo mtu anayetaka kujua kiti cha tramu fulani kilikaaje, anaweza kukuta jibu katika meza ya mjenzi wa namna hii. Sisi, kwa treni ya Bububu, tumebaki na picha chache, na picha haikuonyeshi upande wa pili.

Nami nimejifunza upande huo wa pili kwa toroli langu. Nilipoanza kuliunda nilifikiri nitajifunza habari za magurudumu. Niliweka kiti, nikaweka paa la turubai juu ya kiti, nikaweka pa kukanyagia miguu ya abiria. Kisha nikataka kumweka msukumaji. Nikatafuta pa kumweka, sikuona. Hakuna ubao wake, hakuna kivuli chake. Toroli zima limepimwa kwa mwili wa anayekaa. Anayesukuma yuko nyuma, juani, miguu ikitafuta ardhi baina ya vyuma viwili. Vitabu nilivisoma miaka mingi na jambo hilo sikuliona. Mikono yangu iliponiuliza, "Huyu asimame wapi?", ndipo nilipoliona. Aliyesema kazi hii haina mafunzo ya maana aje aniambie maana ni ipi zaidi ya hiyo.

Najua jibu la mwisho la wapinzani wangu, nalo ndilo zito kuliko yote. Watasema: shairi halina gharama, waya una gharama, na mtoto wa mkulima ana mtihani mbele yake. Kweli. Simlaumu mzazi anayeogopa. Lakini hofu hiyo tumeipanda sisi. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967 ikitaka mkono na akili visitengane. Mitaala mipya ya Tanzania Bara, iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeleta mkondo wa amali, nao naupokea kwa furaha. Hata hivyo naona hatari: tusije tukauheshimu mkono pale tu unapoleta fedha, na kuucheka unapofikiri. Mtoto aliyempima abiria kwanza, kisha mlango, kisha behewa, alikuwa akifikiri. Hakuwa akijiandaa kwa ajira wala hakuwa akipoteza wakati. Alikuwa akijiuliza swali ambalo wajenzi wa matoroli ya Mombasa hawakujiuliza kwa ajili ya wasukumaji.

Mwezi wa Juni 2025 nilirudi Mwamanyili. Nyuma ya jiko hapakuwa na treni. Shemeji yangu, mtu mpole na mchapakazi, alinieleza bila kuficha: kijana yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, ameambiwa aache michezo. Nilipopita zizini niliona waya. Ulikuwa umefunga mlango wa mbuzi, bado umepinda pale ulipokuwa dirisha.

Sikusema neno. Ningesema nini, ikiwa barazani kwetu, mbele ya washairi, neno lile lile lilisemwa nami nikacheka?

Kwa hiyo nasema leo, nikiwa nimechelewa. Nawaomba wahariri wa kurasa hizi, wanaotoa nafasi kwa wachoraji na wachongaji, watoe nafasi pia kwa picha na vipimo vya magari haya madogo, pamoja na majina ya waundaji wake, kama wanavyochapa jina la mshairi juu ya shairi lake. Naziomba nyumba zetu za makumbusho ziunde treni ndogo ya Bububu kabla picha hazijafifia. Na wewe mshairi mwenzangu uliyenicheka, nakualika uje uunde nami. Nina mbao za kutosha kwa toroli la pili, na safari hii tutaanza kwa kumchonga msukumaji.

Kijana yule aliponisindikiza kituoni alifungua mkebe wake wa kalamu kunionyesha kitu. Abiria wa bua alikuwamo, amelala kando ya rula. Aliniuliza kama najua urefu wa jukwaa la stesheni ya Dodoma. Sikujua. Nilimwahidi nitauliza, na nimekwisha kuandika barua.