Usiitupe Kompyuta ya Nyumbani
Tangu Microsoft ilipohitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wamekuwa wakishauriwa wanunue mpya. Sikubaliani hata kidogo. Mashine yenye RAM ya GB 4 bado ina kazi ya kufanya, na mifumo ya bure ipo tele. FreeBSD na Debian zote zilianza mwaka 1993 na zote ni imara. Ila FreeBSD, ninayoiheshimu sana kwenye seva, mara nyingi husumbua kwenye Wi-Fi ya laptopu, na nyumbani intaneti ndiyo inayotakiwa kwanza. Kwa familia, badala ya hizo mbili, nachagua Linux Mint, toleo la Xfce: menyu iko chini kushoto, palepale ulipoizoea, LibreOffice imo tayari, wala hakuna leseni ya kulipia. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha jaribu sauti, Wi-Fi na hasa printa, maana hiyo ndiyo huleta ukaidi. Mfumo wako wa zamani hauguswi mpaka uamue kusakinisha. Nakili kwanza picha na nyaraka zako zote kwenye diski ya nje, halafu sakinisha.