Kijana wa kompyuta na baiskeli ya Jumamosi

Kama unaishi na kijana anayetengeneza tovuti, ratiba yake unaijua. Saa tisa au kumi kwa siku yuko mbele ya kompyuta, chakula anakila hapohapo mezani, ukimwita anajibu "dakika moja" na inageuka saa nzima. Jumamosi alfajiri anavaa kaptula ya kubana na kofia ngumu, anaondoka na wenzake kwa baiskeli kuelekea Bagamoyo, mchana anarudi hoi. Nyumbani wanamcheka: mazoezi ya mara moja kwa wiki yanasaidia nini?

Yanasaidia, na wanaomcheka wapunguze. Madhara ya kukaa hayakugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi yale ya ghorofa. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Safari moja ya saa tatu inafikisha hesabu hiyo. Tafiti za miaka ya karibuni nchini Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa wanaokusanya mazoezi yao ndani ya siku moja au mbili wanafaidika karibu sawa na wanaoyagawa wiki nzima.

Ninachobishana nacho ni kitu kingine. Mtazame kijana huyo akiwa ofisini: mgongo umepinda, shingo imesogea mbele, mabega yamejikunja, mikono imenyooshwa kwenye kibodi. Sasa mtazame juu ya baiskeli ya mbio. Ni mkao uleule! Moyo na mapafu vinafurahi, lakini shingo na kiuno havijapumzika hata kidogo. Mifupa nayo haipati kazi ya kutosha, kwa kuwa uzito wa mwili unabebwa na kiti cha baiskeli. Ndiyo maana namshauri mwendesha baiskeli atembee, apande ngazi na anyanyue vitu vizito kidogo mara mbili kwa wiki.

Mikono inahitaji maelezo zaidi, maana wengi huchanganya. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, mara nyingi inatoka kwenye neva inayobanwa katikati ya kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete, inayokuja baada ya safari ndefu, kwa kawaida inatokana na kuegemea usukani wa baiskeli. Ya pili hupungua ukibadilisha mshiko mara kwa mara na fundi akirekebisha kimo cha kiti na usukani. Ya kwanza usiipake dawa ya kuchua miezi sita. Nenda ukapimwe, kwa sababu neva ikibanwa muda mrefu misuli ya kiganja hudhoofika.

Kuna dalili ambazo mwanamichezo huzipuuza kwa kuwa anajiona yuko imara. Kifua kinachobana anapopanda mlima, maumivu yanayokwenda kwenye taya au mkono, kizunguzungu cha ghafla: hapo ashuke kwenye baiskeli na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maana damu huweza kuganda kwa mtu anayekaa muda mrefu.

Nawe mzazi mwenye mtoto wa miaka kumi anayejifunza programu, tunamsifu kwa sababu ametulia, hachafuki, hagombani na watoto wa jirani. Mimi kutulia huko kunanitia wasiwasi kuliko kelele. Mtoto wa umri huo anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na kwake Jumamosi peke yake haitoshi. Mnunulie baiskeli ukiweza, pamoja na kofia ngumu. Akikaa kwenye kiti chake, pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Likikunjwa sana, mwambie fundi apandishe kiti.