Skana si Makavazi

Kila unapotajwa urithi wa visiwa vya Lamu, wenzangu wa kompyuta wana jibu moja: piga picha, pandisha kwenye seva, kazi imekwisha. Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na nasema jibu hilo ni la uvivu.

Chukueni mfano. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha miaka ya 2010 chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza. Kazi nzuri, siibezi. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia maktaba hiyo, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Na karatasi yenyewe ikishaliwa na mchwa, utairudisha kwa nakala ipi?

Ndiyo maana nataka jengo. Tena nalitaka Mbwajumali, kisiwani Pate, si Nairobi. Hiki ndicho kisiwa alikozaliwa Mwana Kupona, kisiwa cha Siyu, mji uliosifika kwa wanakili wa misahafu. Kwa nini mjukuu avuke bahari na kupanda basi ili asome mwandiko wa babu yake?

Ila msituletee sanduku la vioo lenye kiyoyozi. Umeme ukikatika siku tatu, joto na unyevu hupanda ghafla, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakochakaza karatasi. Wazee walishajua dawa: kuta nene za mawe ya matumbawe, zinazochelewesha joto la mchana. Tuongeze paa mbili zenye nafasi ya hewa katikati, sakafu iliyoinuliwa na kukingwa mchwa, na chumba cha hifadhi kisichopitiwa na bomba la maji wala kuezekwa makuti. Unyevu wa bahari hauondoki kwa kuta pekee, basi iwepo mashine ndogo ya kukausha hewa, itumie sola. Skana ikae chumba cha mbele.

Mtasema ni ghali. Je, seva ni bure? Hulipiwa kila mwezi, milele. Ukuta wa mawe hudai chokaa tu.

Kwa hiyo wafadhili na serikali ya kaunti, tuonyesheni ramani ya jengo kabla ya kutuonyesha tovuti. Mwenye hoja ya kupinga, uwanja ni wake.