Utapigwa na Nani?

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi methali hiyo imegeuzwa kuwa kinga ya wakubwa. Kiongozi anasimama mbele ya watu, anatamka la kutamka, nchi inachachamaa, na kesho yake wapambe wanatuambia kuwa mheshimiwa aliteleza ulimi, naye ni binadamu, tumwelewe. Mimi nilifundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, nikawa mkuu wa shule, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Nathubutu kusema kuwa katika kauli nyingi za namna hiyo ulimi haukuteleza hata kidogo. Sarufi yake imekaa sawasawa, na sarufi hiyohiyo ndiyo inayomshitaki msemaji.

Chukua neno vijisenti, ambalo Watanzania hawajalisahau. Mwezi Aprili 2008 Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu, aliulizwa juu ya fedha zilizokuwa katika akaunti kisiwani Jersey, zaidi ya dola milioni moja za Kimarekani. Akaziita vijisenti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiuzulu uwaziri. Habari ya fedha zenyewe naiacha, hiyo ilikuwa kazi ya wachunguzi. Mimi nashika neno.

Mti ukitiwa katika udogo unakuwa kijiti, na mtu anakuwa kijitu. Hapo -ji- imeingia kwa haki yake, kwa sababu mashina yenyewe, -ti na -tu, ni mafupi mno, silabi moja moja. Mlima hauna shida hiyo. Unakuwa kilima basi. Mtoto naye anakuwa kitoto. Sasa ukimsikia mtu anasema kijitoto, ujue ametia -ji- mahali isipohitajika, na aliyeitia hakutaka kueleza udogo wa umbo, alitaka kudharau. Senti ina silabi mbili. Visenti ingetosha kabisa. Ile -ji- ya katikati ilikuwa ya ziada, na ilitoka kinywani mwa mtu aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa zaidi ya miaka kumi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima maneno kama sonara anavyopima dhahabu. Mwalimu wa shule ya msingi kule Maneromango aliyeisikia redioni hakuhitaji kufundishwa maana yake. Alijua papo hapo kuwa mshahara wake hauna hata jina katika lugha ya mheshimiwa, maana kama milioni ya dola ni vijisenti, udogo wa kupita hapo Kiswahili hakina.

Zipo nyingine za ukoo huo. Mwaka 2002, wakati wa mjadala wa kununua ndege ya Rais, Waziri wa Fedha Basil Mramba alinukuliwa nchi nzima akisema kuwa ndege itanunuliwa hata kama wananchi watakula nyasi. Mwaka 2012 nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, na John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akasema asiyeweza kulipa apige mbizi. Haki itendeke: mwaka 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na aliyelifungua ni yeye huyo, akiwa Rais. Lakini kati ya mwaka 2012 na 2016 mama muuza vitumbua wa Kigamboni alivuka kila siku akikumbuka kuwa serikali yake ilimwambia aogelee.

Iliyonikaa rohoni kuliko zote ni ya tarehe 20 Juni 2013. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akijibu swali bungeni, alisema juu ya wanaokaidi amri za dola: utapigwa tu. Akaendelea kusema muwapige tu, akaongeza kuwa tumechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika walikwenda Mahakama Kuu. Kesi ikatupwa mwaka 2014. Wanasheria walikuwa na hoja zao za Katiba. Mimi ningewapa nyongeza ya mwalimu.

Utapigwa ni kauli ya kutendwa. Mtendwa yupo, ni wewe. Mtenda yuko wapi? Kiswahili kinaye mlinzi wa jambo hilo, kiunganishi na: utapigwa na fulani. Ukikiondoa, kipigo kinabaki kinaelea hewani kama mvua, kinanyesha bila mnyeshaji. Hakuna askari mwenye namba begani wala ofisa aliyetoa amri. Kisha linakuja lile neno dogo, tu, ambalo kazi yake hapo ni kufunga mlango wa maswali. Halafu tumechoka. Sisi nani? Waziri Mkuu alikuwa akijibu kwa niaba ya Serikali, na Serikali ni ya wananchi, kwa hiyo huenda katika ile tu- ya mwanzo wa neno nilikuwamo hata mimi, nimeketi barazani kwangu Maili Moja, nimechoshwa na watu nisiowajua, nikiagiza wapigwe. Hakuna aliyeniuliza.

Nakubali kuwa vyombo vya habari navyo vina lawama. Hukata sentensi moja katika hotuba ya saa nzima, wakairusha mara ishirini kwa siku, na siku hizi simu za mkononi zinaikata fupi zaidi. Kweli. Lakini aliyewapa kisu ni msemaji mwenyewe.

Hiyo ni aina ya kwanza ya uharibifu, na angalau ina uwazi wake. Mtu anakudharau, nawe unajua umedharauliwa. Ipo aina ya pili ambayo naiogopa zaidi, kwa sababu haimkeri mtu. Ni ile lugha ya majukwaani isiyo na mtenda, wala wakati, wala kitendo. Msikilize kiongozi wa leo. Hasemi tulijenga madarasa. Husema tumeweza kufanikiwa kuweza kujenga. Hasemi elimu, husema suala zima la elimu, kana kwamba lipo suala nusu. Shida ya maji imekuwa changamoto ya maji, ingawa changamoto ni kitu cha kumchangamsha mtu, na sijamwona mwanamke aliyechangamshwa na ndoo ya kilomita tatu. Na ile -ta- ya wakati ujao, silabi ya ahadi tuliyoirithi kwa mababu, inakufa mbele ya macho yetu. Tutajenga imekuwa tunakwenda kujenga. Ndugu msomaji, pima tofauti. Aliyesema tutajenga unaweza kumrudia mwakani ukamuuliza mbona hukujenga. Aliyesema tunakwenda kujenga, mwakani utamkuta bado yuko njiani.

Katika kampeni za mwaka 2015 nilihudhuria mkutano mmoja Kisarawe, nikiwa nimekwenda huko kwa msiba. Mgombea, kijana msomi na mwenye adabu, alisema kuwa changamoto ya maji inakwenda kufanyiwa kazi. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani mbele akainua mkono. “Mwanangu,” alimwambia, “nimekusikia. Nani atayaleta, na mwezi gani?” Watu wakacheka. Mgombea akajibu, “Bibi yangu, hilo suala lipo kwenye mchakato.” Yule bibi akajifunga upya khanga yake, asiseme tena. Maji yalikuja baadaye, nisiwe mchoyo wa kweli: mradi wa bomba kutoka Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa mwaka 2020, na mji ukapata maji ya mto Ruvu. Sentensi ilikuwa mbovu, bomba likawa zima. Lakini bibi aliuliza nani na lini, maswali mawili ambayo kila mtoto wa darasa la nne hufundishwa kuuliza katika sentensi, na msomi wa chuo kikuu hakuwa na jibu hata moja.

Najua nitakavyojibiwa. Mzee huyu amepitwa na wakati, lugha hukua, anataka watu wote waseme kama kamusi. Sivyo. Mimi si askari wa usanifu. Watu wa Pwani wanasema mbuzi wako kala mihogo yangu. Kala si sanifu. Katika mtihani ningeiwekea alama nyekundu. Lakini itazame sentensi hiyo. Mtenda ni mbuzi, mwenye mbuzi ni wewe, kitendo ni kula, kilicholiwa ni mihogo, na mwenye mihogo ni mimi. Baraza la wazee linaweza kuamua shauri kwa sentensi hiyo moja na watu wakarudi makwao kabla ya adhuhuri. Mheshimiwa wetu angesema kumekuwepo na changamoto ya mihogo kuweza kuliwa. Shauri hilo lisingekwisha mpaka leo, na mbuzi angekuwa bado shambani.

Wala silaumu maneno mageni kwa sababu ya ugeni wake. Kisarawe hiyohiyo, mwaka 2019, ilianzishwa kampeni iliyoitwa Tokomeza Zero, na aliyeiongoza ni Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, Jokate Mwegelo. Nia ilikuwa njema na michango ikachangwa ya kujenga shule ya wasichana. Tena jina lenyewe lina kitenzi chenye nguvu, tokomeza, kinachomwamuru mtu afanye jambo. Nililoona haya ni dogo: sifuri, neno ambalo mtoto analijua tangu anapoanza kuhesabu, halikuonekana lina hadhi ya kutosha kuandikwa kwenye fulana. Hilo nalipitisha. Afadhali zero yenye mtenda kuliko Kiswahili fasaha kisicho na mwenyewe.

Mwendo mfupi tu kutoka Kisarawe mjini, kwenye vilima vya Pugu, ndipo Julius Nyerere alipokuwa mwalimu kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili aishike TANU. Tulimwita Mwalimu hata alipokuwa Ikulu, na hotuba zake zilikuwa na alama ya chaki. Alikuwa mkali, alitania, alichoma watu, na yapo aliyoyasema ambayo wengi hawakuyapenda. Lakini uliondoka uwanjani ukijua nani amesemwa na kwa kosa gani. Ulikuwa na kitu cha kumpinga nacho.

Kwa nini naandika haya sasa, katika umri wa kuota jua? Kwa sababu ya sheria. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Lakini wanaotunga sheria hizo ni haohao wa kuweza kufanikiwa kuweza. Wakati sheria zikiandikwa kwa Kiingereza, uzembe wa ulimi wa mbunge uliishia kwenye kumbukumbu za Bunge. Leo unaweza kuingia kifunguni. Kesho mkulima wa Mzenga atasomewa hukumu kwa lugha ya mama yake, na kifungu kitasema hatua zitachukuliwa. Na nani? Kwa muda gani? Hakimu atafasiri anavyoona, na mkulima atapoteza shamba kwa kukosekana kiunganishi kimoja.

Hapa Kibaha, eneo la Kwa Mfipa, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022. Imejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, na ni ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwa kimojawapo. Majengo yanapendeza. Ombi langu kwa wenye shule hiyo ni somo moja la saa mbili kwa kila kundi la makada wa nyumbani linalopita pale. Mwanafunzi apewe kipande cha chaki, aandike ubaoni ahadi moja atakayoitoa kwa wananchi wake, iwe na mtenda, kitendo na tarehe. Neno kuweza, neno mchakato na maneno tunakwenda yasiruhusiwe darasani. Akimaliza, aisome kwa sauti mbele ya mama yeyote atakayeokotwa stendi ya Maili Moja, naye mama aulize maswali mpaka aridhike. Zoezi la pili, kwa waliofaulu la kwanza, waandikiwe ubaoni utapigwa tu, nao waimalizie sentensi hiyo.

Nafasi ya mkufunzi ikikosa mtu, nipo. Siku ya Alhamisi sina kazi, na nauli ya kufika Kwa Mfipa nitajilipia mwenyewe.